Kupika kolajeni ya ngozi ya sangara nyumbani, na kulijua kopo la dukani

Ukinywa supu ya kichwa cha sangara mpaka midomo ikaanza kunata, umeshaonja kolajeni, ile protini inayoipa ngozi na mifupa uimara. Supu hiyohiyo ukiilaza kwenye friji, asubuhi unaikuta imeganda, ukiigusa inatetema.

Nilifanya kazi miaka minane kwenye meza ya kutoa ngozi katika kiwanda cha minofu hapa Mwanza. Kila siku kreti za ngozi zilikuwa zinaondoka kwa bei ya kutupa. Halafu nikakuta dukani kopo dogo la unga wa kolajeni ya samaki linauzwa bei ya kuku watatu wa kienyeji. Ndipo nikaanza kupika mwenyewe.

Ngozi nanunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi mapema, kwa vijana wanaochuna minofu. Kijana wangu akiniona tu anasema, "Shikamoo shangazi, leo kilo ngapi?" Ameshajua nataka za samaki wa siku hiyo. Hata hivyo nainama nanusa. Ngozi nzuri inang'aa na haina harufu kali. Ikishaanza kuchacha, ndimu na tangawizi haziiokoi. Shombo litakufuata mpaka kwenye kikombe. Ngozi ya sato nayo inafaa, ila ni nyembamba, utahitaji nyingi.

Chukua kilo moja. Kwangua magamba kwa mgongo wa kisu, geuza, ondoa mnofu na mafuta yote ya upande wa ndani. Kazi hii inachosha, lakini mafuta ukiyaacha ndiyo yatakayonuka. Loweka saa moja kwenye maji baridi yenye chumvi, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Kisha tia vijiko vikubwa vitatu vya siki katika lita moja ya maji, uzamishe ngozi humo nusu saa. Zitavimba, zitanenepa, na rangi itafanana na kioo chenye ukungu. Nyuzi za kolajeni zimesokotwa tatu tatu kama kamba ya katani, na ukali wa siki unazilegeza. Suuza mara nne au tano, mpaka maji ya mwisho yasinuke siki.

Sasa maji lita moja na nusu, moto mdogo kabisa, kwa muda wa saa nne. Usichemshe! Wengi wanaharibu hapa. Sufuria itoe mvuke tu, maji yasitokote; kama una kipimajoto, lenga nyuzijoto 60. Mimi natumia jiko la mkaa, makaa nayafunika majivu. Yakichemka, mafuta yanachanganyika na mchuzi, unachafuka rangi na kupata shombo, na nyuzi zinakatika ovyo mpaka hazigandi vizuri.

Chuja kwa kitambaa cha pamba, acha ipoe, engua mafuta ya juu, weka kwenye friji. Itakayoganda ni jelatini, yaani kolajeni iliyofumuliwa kwa joto. Kwenye friji naitumia ndani ya siku tatu. Mara ya kwanza nilijaribu kuikausha juani, na kabla ya saa sita ilikuwa imeyeyuka yote, imejaa vumbi, nikamwaga kazi ya siku nzima. Jelatini ya samaki inayeyuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe. Siku hizi naimwaga nyembamba kwenye sinia, naiacha wazi ndani ya friji siku kadhaa, mpaka iwe kavu, ukiikunja inakatika.

Je, hizo peptidi zinazoandikwa kwenye makopo ni nini? Fanya jaribio hili, mimi nililipenda sana. Mimina mchuzi wako ukiwa vuguvugu katika vikombe viwili. Kimoja tia vijiko viwili vya maji ya nanasi bichi, kingine kiache. Laza vyote kwenye friji. Asubuhi kile kisicho na nanasi kimeganda. Chenye nanasi bado ni maji. Nanasi lina kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za protini, na papai bichi nalo lina chake. Vipande hivyo vifupi ndivyo peptidi. Kiwandani wanatumia vimeng'enya vilivyopimwa, wanavizima kwa joto, wanachuja, kisha wanakausha kuwa unga.

Kwa hiyo kopo linapimika. Koroga kijiko kikubwa cha unga katika nusu kikombe cha maji baridi. Peptidi zinayeyuka, jelatini inavimba na kufanya mabonge. Ukitaka uhakika, yeyusha kwa maji moto ulaze kwenye friji. Kopo langu la kuku watatu liliganda gumu. Jelatini si sumu, lakini nilikuwa nimelipia peptidi, na muuzaji hakutaka kunisikiliza.

Kuhusu ngozi ya uso, ambayo ndiyo wengi wanainunulia kopo, nasema ninachokiamini. Tafiti za kunywa peptidi za kolajeni gramu 2.5 hadi 10 kwa siku, wiki 8 hadi 12, zimeonyesha unyevu wa ngozi kuongezeka kiasi, na nyingi zimelipiwa na wauzaji wenyewe. Kolajeni ya kwenye krimu inabaki juu ya ngozi ikizuia isikauke. Wala kolajeni unayokunywa usiifanye mbadala wa dagaa na maharage, kwa sababu haina triptofani, kijenzi kimoja cha protini ambacho mwili unakihitaji. Mwenye mzio wa samaki asiiguse kabisa.

Matumizi mengine ni mengi. Kapsuli nyingi za dawa zinatengenezwa kwa jelatini, na ya samaki inawafaa wasiokula nguruwe. Bondo la samaki, yaani mfuko wake wa hewa wa ndani, linatoa kolajeni safi ambayo kwa miaka mingi imetumika kung'arisha bia. Kule Fortaleza, Brazil, madaktari wamewafunika wagonjwa walioungua moto kwa ngozi ya sato iliyosafishwa kitaalamu; ya jikoni usithubutu kuiweka kwenye kidonda.

Nyumbani kwangu kipande kinaingia kwenye uji wa asubuhi. Kiasi kingine nakichemsha mpaka kiwe kizito kama asali, nagundishia majalada ya madaftari ya watoto. Ngozi zilizobaki kwenye kitambaa nazikatakata na kuzichanganya na pumba, kuku wanazimaliza kabla sijafunga mlango wa banda.