Kabla ya Kung'oa Mawe ya Ngazi

Ukitaka kupanga upya njia ya mawe au ngazi za nyumba, usianze na mtaimbo. Subiri mvua kubwa ipige, toka na mwavuli, utazame maji yanapita wapi. Njia nyingi za mawe hapa Bagamoyo hubonyea kwa sababu mchirizi wa paa humwaga palepale kila masika: mchanga wa chini unachukuliwa, jiwe linabaki halina kitako. Ukilipanga upya bila kuyahamisha maji hayo, mwakani utalikuta limezama tena. Njia iinamie mbali na msingi wa nyumba, sentimita 2 kwa kila mita.

Kazi ifanywe kati ya Juni na Septemba, masika imekwisha na vuli haijaingia. Ukiwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, pitia kwanza watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayotunza majengo ya kihistoria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na ngazi ni sehemu ya jengo.

Sasa saruji. Hapa nakusihi, usiitumie. Ngazi za nyumbani kwetu ziliwahi kuzibwa kwa saruji, kwa nia njema kabisa, na ndiyo iliyozimaliza. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hunywa unyevu na chumvi ya bahari, kisha huutoa. Saruji ikilibana, unyevu hutoka kupitia jiwe lenyewe, chumvi huganda ndani, jiwe linageuka unga huku saruji imesimama nzima. Tafuta chokaa iliyozimwa vizuri, yaani iliyolowekwa majini hadi ikatulia, kipimo 1 kwa vipimo 3 vya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni uache, una chumvi.

Chokaa haina haraka. Vidato vitafunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa wiki nzima au zaidi, kwa hiyo wazee na watoto watengewe mlango mwingine kabla fundi hajafika.

Kila jiwe lipigwe picha na kuandikwa namba kwa chaki. Kifusi cha chini kishindiliwe hadi unene wa sentimita 10 au 15. Vidato huanzia chini, cha juu kikalie ukingo wa nyuma wa kilichotangulia, na vyote vilingane kimo, kama sentimita 16. Tofauti ya sentimita 2 tu humwangusha bibi anayeshuka gizani.

Pimamaji, uzi, tindo na mwiko fundi atakuja navyo. Glavu na miwani mnunulie wewe, na ndoo ya maji safi isiondoke pembeni yake: chokaa ikiingia jichoni inaunguza.