Grainda Inayochemka: Panga Njia ya Hewa Kabla ya Kutoboa Matundu

Grainda (mashine ya mkononi ya kukata na kusaga chuma) ikianza kunuka vanishi inayofunika nyaya za mota, wengi hukimbilia kuitoboa matundu ubavuni. Tafadhali usifanye hivyo. Feni huvuta hewa kutoka palipo rahisi, si unapotaka wewe. Tundu jipya karibu na feni huingiza hewa inayotoka papo hapo, huku koili (nyaya za shaba zilizosukwa, zisizozunguka) na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zikizidi kuchemka.

Hatua ya 1. Chomoa plagi, fungua kava, ufuate njia ya hewa kwa kidole: matundu ya nyuma, kaboni, katikati ya koili na amecha (sehemu ya mota inayozunguka), feni, kisha nje kupitia kichwa cha gia. Popote kidole kikikuta waya uliojikunja au ganda la vumbi, hewa nayo inakwama.

Hatua ya 2. Tafuta ringi ya plastiki inayokaa kati ya koili na feni. Mashine ikitoka kusukwa koili, hiki ndicho kipande kinachosahaulika. Bila ringi, hewa ya moto hurudi nyuma na kuzungukia feni ileile. Mimi sifungi grainda isiyo nayo. Ikipotea, kata nyingine kutoka kwenye kipande cha faiba (bamba gumu lisilopitisha umeme), ikaribie feni bila kuigusa. Zungusha amecha kwa mkono usikilize.

Hatua ya 3. Puliza vumbi kwa kompresa, miwani ikiwa usoni. Vumbi la chuma hupitisha umeme, kwa hiyo linaweza kupiga shoti kwenye amecha.

Hatua ya 4. Funga kava, toa diski, bana mashine kwenye vaisi, washa. Pitisha udi unaofuka taratibu kando ya kava. Moshi unapaswa kunyonywa na matundu ya nyuma tu. Ukinyonywa kwenye kiungo cha ubavuni, paziba.

Hatua ya 5. Ijaribu ikikata chuma. Feni imo kwenye shafti ya mota yenyewe: ukikandamiza, mwendo hushuka, hewa hupungua, na wakati huohuo mkondo wa umeme hupanda. Mkondo ukiwa maradufu, joto linalozalishwa na nyaya za shaba huwa mara 4. Hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko Mombasa, hivyo hubeba joto kidogo. Kwa hiyo kata kwa vipindi, na ukimaliza usizime ghafla: iache izunguke bila mzigo kama dakika moja, mpaka hewa inayotoka kichwani isichome kiganja.