Umeme wa chumba cha seva: kazi na AC vipangwe pamoja

Jamani wenye vyumba vya seva, hili jambo linaniuma. Unakuta AC mbili zimepigwa nyuzi 18 mchana na usiku, seva zote zinawaka na nusu yake hazina kazi yoyote, bili ikija lawama zote kwa AC. Mtu wa IT hajui fundi AC kaseti nini, fundi AC hajui bekapu inapigwa saa ngapi, umeme unapotelea hapo katikati.

Pima kabla hujagusa rimoti. Chukua umeme wote unaoingia chumbani ugawe kwa ule unaoliwa na vifaa vya IT, hiyo ndo PUE. Chumba kikila kilowati 9 na vifaa vinakula 5, umepata 1.8, yaani kila kilowati ya kazi unalipia na 0.8 nyingine, nyingi yake ni baridi. Joto nalo usilisome kwenye AC, lisome mbele ya seva pale inapovuta hewa. Kwenye seva ya Linux andika amri ya ipmitool sdr type temperature, tafuta mstari wa inlet, yaani hewa inayoingia. ASHRAE, chama cha wahandisi wa AC cha Marekani, wanashauri nyuzi 18 mpaka 27 hapo, kwa hiyo kukiwa na 19 mnagandisha chumba bure.

Kuna ofisi moja hapa Dar niliitwa, AC inasoma 18 ila seva ya juu kwenye raki (kabati la seva) inavuta hewa ya nyuzi 29. Nikapitisha mkono, kumbe kuna nafasi tatu zimeachwa wazi katikati ya raki, hewa ya moto ya nyuma inapenya hapo inarudi mbele na seva inavuta joto lake yenyewe. Tukaziba kwa vibao vya bati, tukapanga nyaya zilizojazana nyuma, ikashuka mpaka 24 na AC hatujaigusa. Anza na hili, ni bei rahisi kuliko yote.

Halafu njoo kwenye kazi zenyewe. Seva isiyo na kazi bado inakula umeme, nyingi za zamani zinafika hata nusu ya ule zinaokula zikiwa zimebanwa, kwa hiyo VM (kompyuta za kisoftwea zinazoishi ndani ya seva) zilizotawanyika kwenye seva sita zikusanye kwenye tatu, zilizobaki zima. Ila usizime kwa pupa, chomoa waya wa netiweki kwanza, subiri mpaka mwisho wa mwezi upite, maana kuna ripoti za uhasibu zinatoka siku hiyo moja tu. Na angalia unakusanyia wapi! Ukijaza raki ya kona ambako baridi haifiki, umeokoa umeme kwenye seva halafu umetengeneza jiko linalolazimisha chumba kizima kipozwe zaidi. Jaza kwanza raki ambayo joto la inlet yake liko chini.

Hapo sasa ndo unapandisha AC, nyuzi moja, kaa siku mbili uone, tena moja. Sikiliza feni za seva, zikianza kuvuma rudi nyuma nyuzi moja, kwa sababu kila unachookoa kwenye kompresa ya AC feni zitakula zenyewe. Feni ina tabia hii: ukiishusha mpaka asilimia 80 ya kasi inakula karibu nusu tu ya umeme, na ukiipandisha inakula kwa fujo hivyo hivyo.

Kazi nzito kama bekapu na ripoti zipeleke usiku, hata Dar hewa ya nje inakuwa na nafuu kidogo na AC inatoa joto kirahisi, ila usizirundike zote saa sita kamili, zipishane nusu saa nusu saa. AC nayo ianze kuongeza baridi dakika kama kumi kabla kazi haijaanza, ukisubiri chumba kichemke ndo ipoze itakimbizana na joto usiku kucha. Ukiweza andika skripti ndogo isome inlet kila dakika, ikifika 26 kazi mpya isubiri, na ikizidi 27 ikutumie meseji wewe na fundi AC wote wawili.