Waya wa juu kwenye moduli za klabu ya tramu za mfano: kuufunga, kuuunganisha na kuuendeshea magari

Klabu nyingi za tramu (magari ya umeme ya reli za mtaani) hujenga reli, mitaa na majengo kwanza, kisha waya wa juu unafungwa mwishoni kama pambo. Siku ya kuendesha, nusu ya muda inakwisha watu wakirudisha fimbo (mkono ulio juu ya gari unaochukua umeme) kwenye waya kwa vidole. Kosa huwa si la gari. Waya umefungwa kwa kufuata reli, ilhali unatakiwa kufuata njia ya fimbo, na njia hizo mbili hazifanani isipokuwa pale reli inaponyooka.

Maelezo haya ni ya skeli ya HO, yaani 1:87, reli ya upana wa milimita 16.5, na moduli (vipande vya meza yenye reli) ambazo kila mwanachama hujenga kwake na kuja kuziunganisha na za wenzake. Wa skeli ya O, iliyo kubwa zaidi, watumie taratibu hizihizi kwa nyaya na nguzo nene zaidi.

Makubaliano kabla ya kukata mbao

Andikeni karatasi moja tu, lakini kila mtu aifuate: kimo cha waya, umbali kati ya reli mbili, umbali wa reli ya mbele kutoka ukingo wa moduli, kimo cha reli kutoka sakafuni, na mpangilio wa umeme. Kimo cha waya kinachofaa ni milimita 70 kutoka kichwa cha reli hadi upande wa chini wa waya. Hiyo ni takriban mita 6 za tramu halisi. Kati ya mstari wa katikati wa njia moja na wa nyingine wekeni milimita 50.

Msiamini rula. Kila mtu akipima kwa rula yake, tofauti ya milimita 2 haikosi. Mtu mmoja akate vipande vya mbao ngumu au plastiki kwa mpigo mmoja: chini kuna mifereji miwili ya kukaa juu ya reli, juu kuna mkato mwembamba wa kulaza waya, na kutoka kichwa cha reli hadi kwenye mkato ni milimita 70 kamili. Kila mjenzi apewe vipande vitatu. Ndivyo vitakavyoshikilia waya wakati wa kulehemu, na ndivyo vitakavyoamua ubishi siku moduli zikikutana.

Kuhusu umeme, reli zote mbili ziunganishwe ziwe upande mmoja wa umeme, na waya wa juu uwe upande wa pili. Faida yake ni kubwa: gari linaweza kuzunguka kitanzi cha mwisho wa njia na kurudi bila shoti na bila kugeuza swichi yoyote, kwa kuwa mota imefungwa kwenye fimbo na magurudumu, haijali reli ipi ni ya kushoto. Gharama yake ni kwamba gari la dukani lililotengenezwa kuchukua umeme kwenye reli mbili lazima libadilishwe. Waya mmoja wa mota unang'olewa kwenye magurudumu na kupelekwa kwenye fimbo. Magurudumu ya pande zote mbili yanaunganishwa na waya uliobaki. Kama mnatumia mfumo wa kidijitali, waya mwekundu wa dekoda (kifaa ndani ya gari kinachopokea amri) uende kwenye fimbo na mweusi uende kwenye magurudumu. Gari ambalo halijabadilishwa likiwekwa hapa halitatembea tu. Lakini lililobadilishwa likirudishwa kwenye njia ya kawaida ya reli mbili linapiga shoti papo hapo, basi libandikeni alama chini ya sakafu yake.

Vifaa vya moduli moja iliyonyooka, milimita 1200, njia mbili

- Nguzo 6 za shaba njano, unene milimita 2.4, urefu milimita 130. Milimita 95 hubaki juu ya meza.
- Nguzo 4 za chuma, unene milimita 3, za miisho miwili, pamoja na fito 2 za shaba njano za milimita 1.2 za kulala kati yake.
- Waya wa kugusana na fimbo: bronzi ya fosforasi ya milimita 0.4, mita 3.
- Waya wa kukatiza barabara kutoka nguzo hadi nguzo: bronzi hiyohiyo, milimita 0.3, mita 1.
- Risasi nyembamba ya kulehemea na rosini (utomvu wa kusaidia risasi kushika). Msitumie asidi ya mafundi bomba. Mabaki yake hula waya kimyakimya.
- Pasi ya kulehemea ya wati 40 hadi 60.

Shaba nyekundu ya kawaida inavutia kwa bei na kwa wepesi wa kulehemu, lakini ni laini. Fimbo ikipita mara mia mbili tatu, waya unalegea na kuning'inia kama kamba ya kuanikia. Bronzi ya fosforasi ina uspringi, inashika risasi vizuri na haishiki kutu.

Kufunga

Nguzo za jozi ya kwanza ziwe milimita 20 kutoka ukingo, kisha 310, 600, 890 na 1180. Toboa mashimo yakiegemea nje kidogo, ncha ya juu ya nguzo ikae nje milimita 3 hadi 4. Waya wa kukatiza ukivutwa, nguzo zitasimama wima. Zikisimikwa wima tangu mwanzo zitainama ndani, na moduli nzima itaonekana imechoka. Ni vizuri zaidi kupachika kwanza mrija mfupi kwenye ubao kwa gundi ya epoksi na nguzo iingie ndani yake, maana siku moja mtu ataangusha kisanduku juu ya waya na nguzo itabidi itolewe.

Nguzo za miisho ni za chuma, kwa kuwa zinabeba mvuto wote wa waya. Zimeunganishwa juu kwa fito, si kwa waya, na hazitakiwi kutikisika hata kidogo.

Waya wenyewe unyooshwe kwanza. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika ya pili kwa plaizi, vuta taratibu hadi uhisi umeachia kidogo mkononi. Hapo umenyooka na hautarudi kujikunja. Usiuviringishe tena, ulaze juu ya ubao mrefu mpaka utakapoutumia.

1. Funga nyaya zote za kukatiza kwenye nguzo, zikiwa zimekaza lakini bila kuivuta nguzo kupita wima.
2. Panga vipande vitatu vya kipimo juu ya reli na ulaze waya wa kugusana kwenye mikato yake.
3. Lehemu ncha moja kwenye fito ya mwisho. Ncha ya pili iache ipite ukingo na uning'inize uzito wa gramu 200. Hivyo mvuto wa moduli zote utakuwa mmoja, hautategemea mkono wa mtu.
4. Lehemu waya kwenye kila waya wa kukatiza ukianzia katikati kwenda pembeni, kisha fito ya pili. Mwisho kabisa toa uzito na ukate.

Unapolehemu, joto na risasi vitoke juu. Paka rosini, gusisha pasi sekunde mbili, toa. Chini ya waya pabaki patupu na laini kama ulivyotoka dukani. Tone la risasi lenye ukubwa wa punje ya uwele likining'inia upande wa chini linatosha kutoa kiatu cha fimbo (kipande cha nchani kinachogusa waya) kila kinapopita. Macho hayalioni, basi pitisha ukucha chini ya waya mwanzo hadi mwisho. Utakapokwama, sugua kwa tupa nyembamba ukifuata urefu wa waya, usikatize.

Umeme wa kulisha waya upite ndani ya nguzo: lehemu waya mnene kwenye kitako cha nguzo moja chini ya meza, na mwingine kwenye reli. Kila moduli ilishwe peke yake. Kutegemea umeme upite moduli tano kwa kugusana ni kuomba gari lilegee mwisho wa njia.

Kwenye kona

Hapa ndipo kazi ilipo. Fimbo inaburutwa nyuma ya egemeo lake, yaani kiungo kilichoko juu ya gari ambacho fimbo huzungukia. Kwenye kona, ncha yake haifuati katikati ya reli, inakata ndani. Kiasi kinajulikana kwa hesabu ndogo: zidisha nusu kipenyo cha njia ya egemeo kwa chenyewe, toa urefu wa fimbo uliolala mlalo ukizidishwa kwa wenyewe, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni nusu kipenyo cha njia ya ncha.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha milimita 230 na gari ambalo egemeo liko katikati na bogi zake (vigari vya magurudumu vya mbele na nyuma) zimeachana milimita 70. Katikati ya gari kwenyewe kunaingia ndani ya kona karibu milimita 2.7, kwa hiyo egemeo linazunguka kwenye 227.3. Fimbo ikiwa na milimita 45 kwa mlalo, ncha inazunguka kwenye 222.8. Waya basi ukae milimita 7 ndani ya mstari wa katikati wa reli. Ukifungwa katikati, fimbo inavutwa nje muda wote, na kiatu kitatoka hata kama kila kiungo ni safi.

Waya wa kwenye kona si upinde. Ni vipande vilivyonyooka kati ya vivutio, yaani nyaya fupi zinazouvuta kutoka nguzo za nje. Kwenye kona hii weka kivutio kila milimita 40. Waya utaachana na upinde kwa chini ya milimita 1. Ukiweka kila milimita 100 utaachana kwa zaidi ya 5, na kila kivutio kitakuwa kona kali ya kurusha kiatu. Vivutio vyote vikutane kwenye nguzo moja au mbili upande wa nje wa kona. Zipe nguzo hizo mwegemeo wa nje mara mbili ya zile za kawaida.

Wenye magari ya pantografu (fremu pana ya kuchukua umeme badala ya fimbo) wasihofu kona hii. Waya utakuwa kama milimita 4.5 pembeni ya katikati ya pantografu, na upana wake unatosha.

Uma wa waya juu ya pointi

Njia inapogawanyika, waya nao unagawanyika kwa kipande kidogo chenye umbo la uma. Makosa ya wanaoanza ni kukiweka juu ya ndimi za pointi, yaani reli zinazosogea kuchagua njia. Fimbo iko nyuma. Inafika pale wakati gari limeshaanza kupinda, na pembe yake ndiyo inayochagua tawi. Uma ukiwa mapema, fimbo bado imenyooka na itakwenda moja kwa moja huku gari likipinda.

Usihesabu, jaribu. Shikiza uma kwa waya mwembamba bila kulehemu, sukuma gari kwa mkono kwenda tawi lililopinda, angalia fimbo inaelekea wapi inapoingia. Sogeza uma mbele milimita 3, rudia, hadi fimbo ichague sawa mara kumi kati ya kumi kwenye matawi yote mawili. Kwa kawaida utaishia kati ya ndimi na mahali reli zinapokatana. Uma ulale sambamba na reli pande zote. Ukiinama upande mmoja kiatu huangukia huko daima.

Moduli zinapokutana

Usijaribu kuunganisha waya. Kila waya uishie ukingoni kabisa, milimita 20 tu kutoka kwenye fito ngumu ya mwisho, na ncha ikunjwe juu nusu milimita. Ncha mbili zikitazamana zikiwa na mwanya chini ya milimita 1, kiatu kinapita bila kuhisi. Zikipishana kushoto na kulia zaidi ya nusu ya unene wa waya, sogeza moduli, usipinde waya.

Siku ya kuendesha

Sawazisheni reli kwa pimamaji, kazeni klampu, kisha unganisheni umeme wa chini. Kabla ya gari lolote, pimeni kwa multimita moduli ya mwisho kabisa. Volti ikipungua zaidi ya moja kutoka chanzo, kuna kiungo kilicholegea. Gari la kwanza lisukumwe kwa mkono, umeme umezimwa, fimbo ikiwa juu, njia nzima pande zote mbili.

Kwa umeme wa kawaida usio wa kidijitali, magari yote chini ya waya mmoja huondoka pamoja na kusimama pamoja. Mkitaka zaidi ya gari moja, kateni waya kwa mwanya mdogo uliozibwa kwa kipande cha plastiki kila baada ya kituo, na kila sehemu iwe na swichi yake.

Sheria isiyo na mjadala: hakuna kurudi nyuma fimbo ikiwa imetangulia. Ikikwama kwenye uma, inapinda au inang'oa waya. Mwisho wa njia usio na kitanzi, gari lenye fimbo mbili linashushwa fimbo moja na kufungwa kwenye ndoano, ya pili inapandishwa. Mteueni mtu mmoja wa waya. Fimbo ikitoka, yeye peke yake ndiye anayeigusa, na anaandika mahali. Fimbo za magari tofauti zikitoka mahali pamoja, kosa liko kwenye waya. Za gari moja zikitoka kila mahali, tazama egemeo lake kama linazunguka bila kukwama, na springi: bila waya, fimbo inatakiwa kupanda milimita 10 hadi 15 juu ya kimo cha waya. Springi dhaifu hutoa cheche. Iliyozidi huliinua gari jepesi, magurudumu yanapoteza mguso, na mtu anaanza kusafisha reli ambazo hazina kosa.

Vumbi jeusi chini ya waya lifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya saa mbili tatu. Msasa usiguse waya huu, kwa maana mikwaruzo yake ndiyo itakayoshika uchafu wa kesho. Wakati wa kufungasha, fimbo zote zishushwe kwanza, kisha ukingo wa kila moduli ufunikwe kwa ubao uliokatwa mrefu kuliko nguzo; ncha zile za waya zilizokunjwa nusu milimita hazivumilii kuguswa na bega la mtu mlangoni.