Somo: Kujifunza mtandao maktabani kwa saa moja ya zamu

Somo hili ni la wafanyakazi wa maktaba: mkutubi, msaidizi wake, karani wa dawati la kuazimisha, na yule anayefungua mlango asubuhi na kupangusa rafu. Mimi na wenzangu hapa Lamu tumelipitia mara mbili. Mara ya kwanza lilitushinda. Mara ya pili tulilimaliza, na kilichobadilika ni saa tu.

Mpango wenyewe asili yake ni Marekani. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte na kaunti ya Mecklenburg, alipanga mambo 23 madogo ya mtandaoni akawapa wafanyakazi wiki 9 wayafanye, kila mtu kwa kasi yake. Fungua blogu. Pakia picha. Hariri ukurasa wa wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuirekebisha. Sikiliza podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni. Hakukuwa na mwalimu wa kusimama mbele, na aliyemaliza alizawadiwa kifaa cha kuchezea faili za sauti za MP3. Mpango uliachwa huru kwa yeyote kuutumia, na maktaba za nchi nyingi zikauchukua.

Ukiuchukua leo kama ulivyo, utakwama. Huduma kadhaa za wakati ule zimekufa. Hata kisomaji cha milisho cha Google, kilichokusanya habari mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja na kilichopendwa mno, kilifungwa Julai 2013. Chukueni njia yake, orodha mjitungie wenyewe.

Hatua ya 1: Saa iandikwe kwenye zamu

Mara ya kwanza tuliambiwa tu, "Jifunzeni kwa kasi yenu." Basi kila mtu akajifunza usiku, kwake, kwa simu yake na bando lake. Wenye watoto wadogo waliacha wiki ya pili. Wakaitwa wavivu, nami neno hilo liliniuma sana, kwa kuwa ni watu wanaoweza kukuletea kitabu unachokitaka hata stima ikiwa imepotea.

Mara ya pili tuliandika kwenye karatasi ya zamu: fulani, Jumanne, saa nne hadi saa tano asubuhi, mafunzo. Mwenzake anashika dawati. Kompyuta ni ya maktaba, na intaneti ni ya maktaba. Wakati huo wanafunzi bado wako madarasani, kwa hiyo msomaji hadhuriki. Ramadhani tulisimamisha, tukaendelea baada ya Idi. Na mkuu wa maktaba akae saa yake kama wengine, waonekane wote ni wanafunzi.

Kama hamjaipata saa hii, msianze hatua ya 2.

Hatua ya 2: Akaunti ziwe za maktaba

Fungueni barua pepe moja ya maktaba, na kila huduma mnayojiunga nayo ipitie hapo. Akaunti ikifunguliwa kwa barua pepe ya mtu, siku akipata uhamisho kwenda Garissa anaondoka na ufunguo. Nenosiri liwe refu, maneno manne matano yasiyohusiana, na uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri, kisha namba ya siri ya mara moja) uwashwe. Lisibandikwe kwenye kioo cha kompyuta.

Hatua ya 3: Shajara

Kila jambo likishafanywa, aliyelifanya aandike aya mbili: nilifanya nini, nilikwama wapi, msomaji wetu atafaidika vipi. Aandike kwa Kiswahili anachokisema dawatini. Sisi tulitumia blogu isiyoonekana na watu wa nje, lakini hata daftari linatosha. Msiiruke hatua hii. Mtu akishaeleza jambo kwa maneno yake mwenyewe, kesho anaweza kumweleza mzee aliyekuja kutafuta fomu.

Hatua ya 4: Kutafuta

Hapa kaeni wiki mbili. Jifunzeni alama za nukuu, ambazo hulazimisha maneno yatokee kwa mpangilio wake, na alama ya kutoa, ambayo huondoa neno msilolitaka. Kisha njooni kwenye jambo letu hasa, tahajia. Kompyuta haijui kwamba *ndia* ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ndiyo *njia*, wala kwamba *mato* ni *macho*. Atafutaye shairi la kale kwa Kiswahili sanifu peke yake atarudi mikono mitupu, na shairi lipo. Ni vivyo hivyo kwa majina ya miji: Siyu imeandikwa pia Siu, na Faza imeandikwa Paza. Tulitengeneza orodha ya maneno yenye tahajia mbili au tatu na sasa iko karibu na dawati. Kati ya yote tuliyoyafanya, hiyo ndiyo naipenda zaidi.

Hatua ya 5: Wikipedia ya Kiswahili

Ipo tangu 2003 na ina makala kuhusu miji yetu. Fungua moja, bonyeza palipoandikwa historia, uone kila badiliko, lini na kwa akaunti gani. Hapo hofu huisha, kwa kuwa ukikosea, toleo la awali linarudishwa. Kisha bonyeza "Hariri" uongeze sentensi moja, ukitaja kitabu kilichoko kwenye rafu yenu na ukurasa wake. Sentensi moja yenye chanzo inatosha kwa wiki nzima.

Hatua ya 6: Picha

Piga picha ya kitu cha maktaba, uipe leseni ya Creative Commons (ruhusa ya wengine kuitumia bure kwa masharti yake), uipakie mtandaoni. Picha za watu ni amana. Usipakie sura ya mtu bila idhini yake, na picha za wanawake harusini zisitoke kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 nayo inazungumzia ridhaa, lakini hata isingekuwepo, adabu yetu inatosha. Mlango wa nakshi ni mlango wa nyumba ya mtu: piga hodi kwanza, na uzime rekodi ya mahali kwenye simu.

Hatua ya 7: Katalogi

Wekeni Koha, programu ya katalogi na kuazimisha vitabu, kwa majaribio kwenye kompyuta moja, muingize vitabu 20. Programu hii ni ya bure. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ya Horowhenua huko New Zealand, ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi. Ivurugeni mpaka muielewe, maana haina kumbukumbu ya msomaji yeyote.

Podikasti, milisho na ramani mtaongeza wenyewe mkipenda.

Maswali ya wafanyakazi wenzetu

*Msaidizi wa maktaba, Malindi:* Shikamoo mama. Sisi tuko wawili tu. Nikikaa mafunzoni na mwenzangu akienda kuswali, dawati linabaki tupu. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Gaweni saa iwe nusu mbili, siku mbili tofauti, mbali na nyakati za swala. Bandikeni mlangoni kwamba nusu saa hiyo kuna kurudisha vitabu tu, hakuna kuazima. Wasomaji wetu walizoea ndani ya wiki chache.

*Mwalimu msimamizi wa maktaba ya shule, Mpeketoni:* Intaneti yetu hukatika siku nzima. Hatua ya 5 inawezekana?

Kusoma inawezekana, mwalimu. Pakua Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, pamoja na faili la Wikipedia ya Kiswahili siku mtandao ukiwa mzuri. Ni dogo mno ukililinganisha na la Kiingereza. Kompyuta moja ikiwa nalo, nyingine zinaweza kulisoma kupitia waya au wifi ya ndani bila bando. Kuhariri ndiko kunakotaka mtandao. Andikeni sentensi zenu daftarini, chanzo kikiwa tayari, mzipeleke mtandaoni mtakapokuwa mjini.

*Karani, Lamu:* Mimi nina miaka 54 na nimebakiza michache nistaafu. Vijana wanamaliza jambo kwa dakika kumi, mimi saa nzima. Naona haya.

Ndugu yangu, orodha ya tahajia niliyoisifu hapo juu haikutungwa na vijana. Ilitungwa na mwenzetu wa umri wako aliyekuwa polepole kuliko sote kwenye kibodi, kwa sababu yeye ndiye aliyeyajua maneno. Vijana walichapa tu. Chukua saa yako yote, na ukihitaji ya pili, nidai mimi niiandike kwenye zamu.

*Mkutubi, Mokowe:* Tuna hati za mababu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tuzipakie hatua ya 6?

Msizipakie bado. Kwanza muulizeni mwenye hati, na kama amefariki, warithi wake wote. Wakikubali, pigeni picha mchana penye kivuli, bila mwako wa kamera, kila ukurasa na namba yake, muweke nakala mbili mahali mbalimbali. Halafu tafuteni mzee anayezisoma aketi na mmoja wenu. Hilo nalo liandikeni kwenye zamu.