Kuomba nafasi ya msaidizi wa utafiti: mradi mmoja unaojiendesha, hatua kwa hatua

Wasifu wenye majina ya lugha tano za programu haumshtui profesa. Anachotaka kujua ni hiki: akikukabidhi data chafu, utamrudishia jedwali analoweza kuliamini? Mwonyeshe hivi.

Hatua ya 1. Chagua R au Python, lugha za programu za kuchambua data; zote ni za bure. Wanauchumi wengi hutumia Stata, programu ya takwimu ya kulipia, lakini ukiimudu R, Stata haitakusumbua. Usipoteze wiki ukibishana kuhusu hili.

Hatua ya 2. Tafuta makala ya utafiti ambayo data yake iko wazi, uunde upya jedwali lake kuu. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu, alipofanya zoezi la aina hii kwa makala ya wanauchumi Reinhart na Rogoff ya 2010 kuhusu deni la taifa, aligundua kwamba fomula ya Excel iliruka nchi 5. Baada ya kurekebisha hilo, pamoja na data iliyoachwa nje na uzito waliozipa nchi, wastani wa ukuaji wa uchumi kwa nchi zenye deni kubwa ulitoka -0.1% hadi 2.2%. Hayo yalichapishwa 2013.

Hatua ya 3. Unganisha faili kwa uangalifu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena kimyakimya, maana kompyuta hailalamiki. Hesabu safumlalo kabla na baada. Ukianza na 5,000 ukaishia na 5,200, simama: huenda kuna kitambulisho kinachojirudia kwenye faili la pili. Katika pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, ongeza `validate="1:1"` kwenye amri ya kuunganisha (`merge`) na programu itagoma yenyewe vitambulisho vikijirudia. Kagua pia thamani kama 999 kwenye safu ya umri. Huyo si mzee, ni jibu lililokosekana.

Hatua ya 4. Tunga data yako mwenyewe. Weka y = 2x, ongeza kelele za nasibu, kisha uone kama regresheni (njia ya kukadiria uhusiano wa x na y) inarudisha takriban 2. Halafu chukulia kila safumlalo ni mwanafunzi, uwagawe wanafunzi hao kwa madarasa, kila darasa na kelele yake, na x iwe sawa kwa darasa zima. Rudia mara 1,000: kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) linalokokotolewa kwa njia ya kawaida litakuwa dogo mno kuliko myumbo halisi utakaouona. Binafsi naona zoezi hili linafundisha kuliko sura nzima ya kitabu cha takwimu.

Hatua ya 5. Tunza msimbo kwa Git, programu inayohifadhi kila toleo la faili zako. Data ghafi isiguswe kamwe, na faili moja kuu iendeshe kila kitu. Kabla ya kutuma, futa folda ya matokeo na uendeshe upya kwenye kompyuta ya mwenzako. Majedwali yakirudi yaleyale, tuma.