Kumwachia lacha achague sungura wa kumfukuza

Kipupwe ni lacha, mbwa jike wa kuwinda, wa rangi ya majivu, baba greyihaundi, mama koli, yaani mbwa wa kuchunga kondoo. Tunaishi Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, na usiku wa majira ya baridi tunapunguza sungura kwenye mashamba ya ngano na kabichi ya mkulima aliyetupa idhini. Ndugu zangu wa Malindi huniuliza nilimfunzaje kuchagua wa kumkimbilia. Kuchagua sikumfunza. Nilimfunza wasioguswa, kisha mimi nikajifunza kumwamini anapokataa.

Lacha ni chotara. Upande mmoja huwa mbwa anayewinda kwa macho, yaani greyihaundi, wipeti au saluki wa Waarabu. Upande wa pili mara nyingi ni koli au teria. Greyihaundi mtupu akiona kitu kinakimbia, keshaondoka. Ile subira ya kupima kwanza, kwa maoni yangu, hutoka kwa koli.

Basi anza na makatazo. Kondoo ndio wa kwanza: tangu akiwa mtoto mpitishe kando yao kila siku, kamba mkononi, mpaka asigeuze hata shingo. Huku mkulima anaweza kumpiga risasi mbwa anayesumbua kondoo wake na sheria ikamkinga.

Wa pili anataka maelezo, kwa sababu Kiswahili cha kila siku kinawaita wote sungura. Mmoja ni mdogo, anaishi mashimoni, mkia wake mweupe huonekana akikimbia. Mwingine ni mkubwa, miguu mirefu, ncha za masikio nyeusi, hachimbi shimo bali hulala juu ya ardhi mahali pa wazi. Huyu mkubwa namwita kitungule, neno la nyanya yangu. Sheria iliyoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 2005 imekataza kumwinda kitungule kwa mbwa. Sungura wa mashimoni anaruhusiwa, mradi mwenye ardhi amekubali. Mwaka 2022 adhabu kwa wanaokimbiza vitungule iliongezwa: kifungo hadi miezi sita na faini isiyo na kikomo. Mbwa hajui sheria, kwa hiyo kamba usiiachie hata kidogo mpaka wewe umemtambua mnyama. Na kabla hajakamata sungura wake wa kwanza, awe anarudi kwa mluzi mmoja hata ukimwita kutoka kwenye bakuli la chakula. Madrasa tulisoma kwamba mbwa wa kuwinda ni yule aliyefunzwa: ukimtuma huenda, ukimzuia husimama, na akikamata humshikia bwana wake. Sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

Ukishafika hapo, mwachie kazi. Chagua usiku wa giza wenye upepo, maana sungura huenda mbali zaidi na mashimo yao na hawasikii hatua. Ukimulika kurunzi, macho yao hurudisha mwanga mwekundu. Novemba iliyopita nilimulika watatu. Wa karibu alikuwa hatua ishirini tu kutoka tulipo, lakini amejibana kwenye ua wa miti ambako ndiko yaliko mashimo. Wa pili alikuwa ameinua kichwa, masikio wima. Wa tatu alikuwa mbali, katikati ya ngano changa, ametupa mgongo anakula. Kipupwe alimtazama wa kwanza akamwacha. Nikahisi uzito wake ukirudi miguu ya nyuma na kamba ikilegea. Mbwa asiyejua huvuta, yeye hulegeza. Nilipomwachia hakumkimbilia sungura moja kwa moja. Alipinda kushoto, akaingia kati ya sungura na ua, na yule alipogutuka njia ya nyumbani ilikuwa imeshazibwa. Jifunze kutazama alama hizo: masikio yameelekea wapi, kamba imekaza au imelegea, macho yanarudi kwa nani.

Mchana mambo hubadilika, maana tunatumia fereti, mnyama mdogo mwembamba kama nguchiro anayeingia shimoni kuwatoa sungura, na nyavu ndogo mdomoni mwa mashimo. Hapo Kipupwe hachagui kwa macho, huchagua kwa pua. Shimo lenye sungura hulisimamia, kichwa kimeinama, mguu mmoja juu. Tupu hulipita. Usimwingize fereti kwenye shimo alilolipita ati kwa kujaribu. Ukifanya hivyo mara nyingi ataanza kusimamia kila shimo ili akufurahishe, na hapo umemharibu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la namna hiyo. Alikuwa na miaka miwili. Nilimulika sungura mnono ng'ambo ya mtaro, Kipupwe akakaa chini. Nikadhani uvivu, nikamsukuma kwa goti na kumhimiza mpaka akaenda, kwa kunitii mimi. Kando ya mtaro palikuwa na waya wa miba, mimi sikuuona gizani. Ulimchana kifuani, nikambeba kilomita nzima mpaka garini, damu yake ikipenya koti langu. Alishonwa nyuzi kumi na nne na hakukimbia kwa wiki sita.

Siku hizi naukagua uwanja mchana, nafunga vitambaa vyeupe kwenye kila waya. Hata hivyo, tukifika kwenye mtaro ule naye akakaa, nazima kurunzi na tunaenda uwanja mwingine.